Watu wa rivyu za muvi, mmetuchomea vya kutosha

Wasee wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na kokote mlipo, leo sina salamu. Nimechoka na hawa watu wa kuandika rivyu za muvi kwa magrupu yetu. Unaingia unauliza swali moja tu, hii muvi iko aje nataka kuiona wikendi, unarushiwa emoji tatu za moto na "9/10 usikose buda". Tisa kwa kumi ya nini? Ni mtihani? Nani alisahihisha? Ukiuliza inahusu nini unaambiwa "enda tu utajionea". Sasa kama ni kujionea, wewe nilikuuliza ya nini?

Halafu kuna wale wa upande ule mwingine. Huyo hana emoji, huyo anakusimulia muvi kutoka mwanzo mpaka nani alimpiga nani risasi na nani kumbe alikuwa msaliti, aya saba, halafu chini kabisa anaandika "wacha nisiwaharibie mwisho". Mwisho gani umebaki?

Lakini mwenye dhambi kubwa ni yule hajaona muvi. Ameona trela, ameona klipu mbili TikTok, amechukua maneno ya mzungu fulani YouTube akayageuza Kiswahili, tayari ni mtaalamu, anatoa nyota. Huyo ndiye alinipata mimi.

Ilikuwa ni Sinners, ile ya Ryan Coogler ya 2025. Jamaa mmoja kwa grupu yetu ya mtaa akaandika ati ni stori ya kijana wa pasta na gitaa yake, Marekani ya zamani, muziki mtamu, "poa kuangalia na familia". Nikaamini. Wakati huo Senje wangu (shangazi, dada ya babangu) alikuwa amekuja kutoka Butere kwa mambo ya kliniki, analala kwetu hapa Manyatta, na ilikuwa Jumapili tumetoka kanisani, ako bado na sare na kitambaa kichwani, tumekula kuku tumeshiba, nikasema leo wacha nimuwekee Senje kitu ya maana aache kidogo zile soap za Kihindi.

Na kweli inaanza kanisani. Kanisa ndogo, pasta mbele, kijana anaingia ameshika gitaa iliyovunjika, uso una alama za kucha. Senje akasogeza kiti. "Ee, hiyo sasa ndio muvi. Ameumizwa na nani huyo mtoto?"

Wueh. Hilo swali lilipoanza kujibiwa nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu huyo jamaa wa rivyu aliangalia hapo tu, hizo dakika za kwanza, akafunga akaenda kuandika. Hakujua ni muvi ya wanyonya damu! Na hata kabla hao wanyonya damu wafike, kuna mazungumzo fulani ndani ya gari kuhusu wanawake, siwezi kuyaandika hapa, na Senje anasoma yale maandishi ya chini pole pole moja baada ya lingine maana alikuwa mwalimu. Rimoti iko wapi? Iko chini ya paja la Senje, imefunikwa na leso. Sasa nani ataenda kuitoa hapo? Nikaanza kujifanya nasikia harufu ya kitu inaungua jikoni. Hakuna aliyesimama. Senje hakupaza sauti, aliniangalia tu juu ya miwani akasema, "Mtoto wa ndugu yangu, hii ndio kanisa mnaenda huku Kisumu?" Kisha akachukua simu akatoka nje, na nikamsikia akisalimia mtu wa Butere.

Na sikieni, muvi yenyewe ni kali, kali kabisa, nilirudi nikaimaliza usiku peke yangu. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wamerudi kwao Mississippi 1932 wafungue klabu ya muziki ya watu weusi. Karibu nusu ya kwanza hakuna jini wala nini, ni watu tu wanatafuta mpishi, wanatafuta wa kupiga piano, kwa hivyo kama wewe ni wa kutaka damu dakika ya tano utalala. Kuna mahali yule kijana anaimba na muziki wa mababu na wa wajukuu unaingia wote ndani ya nyumba moja, hapo nilisimama. Na majina yakianza kupita usizime, kuna kipande bado. Ni ya watu wazima, usiku, na usiangalie na mtu unamheshimu. Ona, sijakuambia nani anakufa na sasa unajua kama ni yako ama si yako. Ilikuwa ngumu hivyo?

Hata hio herufi ya bodi inayopanga muvi hapa Kenya, ile ya GE (ya kila mtu), PG (mtoto na mzazi), 16 ama 18, hamwezi kuiandika tu mwanzoni? Haikuli bando.

Pale Kondele kuna kijana anajazia watu muvi kwa flashi (najua, najua, mambo ya hakimiliki, fungueni uzi wenu). Huyo kijana hajawahi kuniambia nyota ngapi. Ukifika anauliza, "Unaangalia na nani?" Ukisema na watoto, anakupeleka kwa folda ile. Ukisema na bibi, anauliza kwanza kama mko sawa ama mmekosana. Ukisema peke yako anauliza kama kesho unaamkia kazi. Hajasoma filamu mahali popote na amewashinda nyote, kwa sababu anajua muvi haiangaliwi hewani, inaangaliwa kwa nyumba fulani, saa fulani, na watu fulani wamekaa kwa kiti. Nyinyi mnaandika ni kama sisi wote ni vijana wa miaka ishirini tunaishi peke yetu na hedifoni.

Na hedifoni zenyewe ni hadithi. A Quiet Place: Day One, 2024. Hii mliiharibu vibaya kwa sababu ya Lupita Nyong'o. Nampenda Lupita kama nyinyi, baba yake ndiye gavana wetu hapa, ana Oscar tangu 2014, tunajivunia. Lakini "10/10 binti yetu ametuwakilisha" si rivyu, hio ni risala ya harusi. Na mwingine akaandika "ni ya mazombi, action mwanzo mwisho". Zombi wapi? Ni viumbe kutoka anga, havioni, vinawinda kwa sauti. Ukitoa sauti umekwisha. Kwa hivyo muvi karibu yote ni kimya, mtu anakanyaga kipande cha kioo wewe unashika roho, utamu wote uko hapo. Sasa mimi naishi karibu na stage. Boda zinapuliza, jirani ameweka muziki wa ohangla, mtoto anapiga sufuria. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema hii ingoje usiku wa manane ama uweke kitu masikioni, na hilo ndilo jambo la kwanza mtu anafaa kuambiwa kuhusu hii muvi!

La pili ndilo liliniudhi zaidi. Huyo Lupita anacheza mwanamke mgonjwa wa saratani, ako hospitali ya wale ambao hawaponi, na jiji likivamiwa kile anataka ni pizza ya Harlem na paka wake. Ni muvi ya huzuni imevaa nguo za muvi ya kutisha. Rafiki yangu alikuwa amezika mamake na ugonjwa huo huo, akauliza kwa grupu kitu cha kumtoa mawazo, watu wakamwambia aweke hio. Action mwanzo mwisho. Alizima katikati akaniambia hataki kuizungumzia. Hapo ndipo muone rivyu ya uongo inafanya nini kwa mtu. Neno moja tu, "kuna ugonjwa", lingetosha, na halingeharibu kitu kwa yeyote. Paka je? Paka sisemi.

Kama unamtaka Lupita na uko na watoto, kuna The Wild Robot ya mwaka huo huo, yeye ndiye sauti ya roboti anayelea kifaranga cha bata bukini kisiwani. Saa moja na dakika arobaini hivi. Kuna kifo mapema, mtoto mdogo sana anaweza kuuliza maswali, lakini ni safi, na wazazi ndio watalia, beba leso.

Urefu nao. Kwani kuandika masaa ni dhambi? Oppenheimer ni masaa matatu. Matatu! Na wengi wenu mliandika tu "bomu, bomu, bomu", mtu akaketi akingoja mlipuko, na mlipuko wenyewe unakuja karibu masaa mawili yamepita. Yale mengine ni wanaume wa suti wanabishana ndani ya vyumba. Ni nzuri, ilibeba Oscar saba, Cillian Murphy pale amecheza, lakini si ya kuweka baba yako akiwa ametoka shamba. Na sehemu zingine ni rangi nyeusi na nyeupe, hakuna aliyesema, nilikuwa kwa nyumba ya jamaa yangu akaanza kuchokora waya nyuma ya TV akidhani imekufa. Mission: Impossible ya 2025 nayo inakaribia masaa matatu, na mwanzo wake ni maelezo na kumbukumbu za zile za zamani, kama una haraka ya ndege na nyambizi lazima uvumilie. Huku kwetu stima inaweza kupotea saa yoyote, mtu anataka ajue anaanza safari ya umbali gani.

Na zile za kuisha bila kuisha! Wicked ya 2024, dakika 160, unakaa, unapenda, halafu inakatika, kumbe ni nusu, nusu ingine ilikuja Novemba ya 2025. Ile Spider-Man ya katuni ya 2023 ndio hio hio, umeachwa ukining'inia. Wenye muvi wanaficha kwa sababu wanauza tiketi, sawa, biashara. Wewe wa grupu unaficha ya nini? Unalipwa?

Wicked pia wanaimba, na Joker ya pili, Folie à Deux, wanaimba. Hii ya Joker sijasahau. Watu walipenda ile ya 2019, wakalipa fare, wakalipa tiketi, wakanunua popkoni, wakiingia wakitarajia fujo za mji, wakapata jela, mahakama, na Joaquin Phoenix akiimba na Lady Gaga. Sio kwamba kuimba ni vibaya, mke wangu alifurahia kuliko mimi. Lakini mtu akijua ni ya kuimba ataamua mwenyewe. Mimi ningeamua kubaki nyumbani.

Za kwetu mnaziumiza kwa njia tofauti, mnazihurumia. Nawi ya 2024, ile Kenya ilipeleka kushindania Oscar, nimeona watu wengi wakiandika "tuunge mkono vya kwetu" na hapo wanaweka nukta. Hio ni harambee. Semeni ni ya msichana wa Turkana ana miaka 13, anataka kwenda sekondari na babake anataka kumwoza kwa mzee apate mifugo. Semeni yule msichana, Michelle Lemuya Ikeny, anabeba muvi nzima mabegani na huwezi kumwondolea macho. Semeni ni nzito, si ya kuchekea, lakini mtoto wa gredi ya saba anafaa kuiona akiwa amekaa na mtu mzima. Hapo mtu ataenda kwa sababu anaitaka, si kwa sababu ameonewa aibu.

Najua kuna mmoja anaandika saa hii "kila mtu na ladha yake". Ndio! Ndio maana namba yako hainisaidii, kwa sababu ni ya ladha yako. Mimi nipe vile vitu havibadiliki na ladha: ni ya nani, inachukua muda gani, inaisha ama haiishi, wanaimba, kuna kitanda, kuna damu, kuna msiba, polepole ama mbio. Ukishamaliza hapo ndio uniambie uliipenda.

Na msiniletee DJ Afro hapa, yule wa kutafsiria watu muvi kwa Kiswahili, ati yeye pia anaongea juu ya muvi ikiendelea. DJ Afro hakudanganyi kuwa anakusaidia kuchagua, ushachagua, umeketi, anakunogeshea. Tena yeye ameiona mpaka mwisho, tofauti na watu fulani.

Haya, wikendi hii niko na wapwa, mkubwa ni wa gredi ya saba na mdogo bado anaogopa giza, Wild Robot wameirudia mpaka wanaongea kabla ya roboti. Leteni kitu cha chini ya masaa mawili, iwe inaisha. Semeni nyinyi mliangalia na nani. Mtu akiniwekea 9/10 hapa naenda kumripoti kwa admin.