Herufi moja imemlia mama wa watu hela ya giza zima. Aliyezima maonyo ya PHP ajitokeze!

Mwangaluka wakuu.

Sijalala na nina hasira, kwa hiyo wale wa "punguza jazba mkuu" piteni uzi mwingine.

Niko Mwanza. Kuna mama ananunua dagaa mwaloni Kirumba, mimi namtunzia mfumo wake wa malipo, ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu. Sikuujenga mimi, naomba hilo lieleweke mapema. Biashara yenyewe mliokulia huku mnaijua: anawakopesha wenye mitumbwi petroli na hela ya kujikimu, usiku wanaingia ziwani na taa zao, alfajiri wanamletea dagaa wabichi kwa ndoo. Anakata deni lake, kinachobaki anawapa mkononi. Hela inapatikana kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, watu wanashona nyavu.

Kabla ya giza lililopita, jamaa aliyeujenga aliitwa abadilishe kitu kidogo tu, petroli na mkopo vijumlishwe pamoja ndipo vikatwe. Akaja, akabonyeza bonyeza, akasema tayari, akachukua chake. Hiki ndicho alichoacha:

$makato = $petroli + $mkopo;
$malipo = ($ndoo * $bei) - $makto;

Someni mstari wa pili mpaka mwisho. Makto! Hakuna variabo (jina linaloshika thamani) inayoitwa hivyo popote kwenye mfumo. Hakuna aliyeiumba, hakuna aliyeipa thamani. Na PHP ikafanya nini? Ikaichukulia kuwa ni tupu, tupu kwenye hesabu ikawa sifuri, ikatoa sifuri, ikaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Mtumbwi umeleta ndoo 14 kwa 20,000, ni 280,000. Deni la petroli 45,000 na mkopo 20,000. Alitakiwa apewe 215,000, risiti ikatoka 280,000. Kila mtumbwi. Kila alfajiri. Giza zima.

Mnajua nani aligundua? Si mimi wala kompyuta. Ni mama mwenyewe na kaunta buku lake, kalamu sikioni. Akaniita, nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia usoni: "Marahaba. Mwanangu, hiki kikompyuta chako kinawapenda wavuvi kuliko kinavyonipenda mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa kilichonipandisha presha zaidi. PHP si kwamba haioni. Inaona! Mpaka toleo la 7 ilikuwa inatoa notisi kwamba variabo hiyo haijulikani, na toleo la 8 la 2020 wakaipandisha ikawa onyo kamili. Kura ilishapigwa 2022 kwamba toleo la 9 lisimamishe programu kabisa, mimi nasema wamechelewa. Lakini nafungua faili la kwanza kabisa la mfumo, mstari wa juu, nakuta error_reporting(0), amri ya kuzima maonyo yote. Yaani umemziba mlinzi mdomo halafu unashangaa kuibiwa. Nilipompigia huyo jamaa aliyeujenga akanijibu kwa kujiamini kabisa eti alishapima kwa php -l na haikuleta kosa. Ndugu yangu, php -l inakagua sarufi tu, kama umesahau nukta mkato au mabano. Haijui kama $makto ni mtu au jini.

Nikafuta ule mstari, nikafungulia maonyo yaandikwe kwenye faili la kumbukumbu. Wakuu, siku moja tu ya kazi, maonyo 212! Nyumba imejaa nyoka na watu wanalala humo.

Nikasema basi nitumie kikaguzi cha PHPStan, maana chenyewe kinasoma msimbo bila kuuendesha, na variabo isiyokuwepo kabisa kinaikamata tangu ngazi ya 0, ile ya ukaguzi wa chini kabisa, kabla hata hela haijatoka. Kikaikamata $makto palepale, sekunde chache. Ila kwenye mafaili mengine kikakwama, kwa sababu jamaa katumia extract($_POST). Kwa wasiojua, hiyo inachukua kila kilichotumwa kwenye fomu na kukigeuza variabo. Kikaguzi kitajuaje kipi kipo na kipi hakipo, wakati majina yenyewe yanakuja na mtumiaji? Na mtu mwenye nia mbaya akiamua kutuma uga unaoitwa bei, je?

Najua kuna wa Python, lugha nyingine ya programu, watakuja hapa kutamba. Ni kweli, yenu inasimama na kulalamika kwamba jina halijulikani, nawaheshimu. Ila inalalamika pale mstari unapofikiwa tu. Kosa likikaa kwenye tawi linalopita mara moja kwa mwaka, mtakutana nalo Desemba. Wa Bash, lugha ya skripti za amri, ndio mkae kimya kabisa, bila set -u (amri ya kuikataa variabo isiyojulikana) nyinyi ni sisi tu. Mmesahau skripti ya Steam, ile programu ya magemu, kwenye Linux, 2015? Variabo ya folda ikawa tupu, amri ya kufuta ikaanzia mzizi wa diski, watu wakapoteza mafaili yao.

Halafu kijana mmoja ninayefanya naye kazi, eti ananisaidia. Nimempa yale maonyo 212 ayapunguze. Jioni anarudi anacheka, yamebaki 9. Nafungua naangalia: kaweka ?? 0, yaani thamani ikikosekana tumia sifuri, kila mahali. KILA MAHALI! Hadi kwenye $bei! Yaani bei ikikosekana, ndoo ya dagaa ni bure. Ile sifuri iliyokuwa inaingia kwa bahati mbaya sasa kaiandika kwa mkono wake.

Nimerudisha vyote. Usiku huu nimeweka set_error_handler, onyo lolote sasa ni kosa, malipo hayatoki mpaka lirekebishwe, asubuhi risiti zikigoma zigome. Wavuvi wengine ni waungwana, wamekubali deni lihamie giza lijalo. Mtumbwi mmoja umehamia Goziba na simu haipatikani.

Na wewe jamaa najua humu unaingia. Mama anakuulizia. Mimi nakuuliza tu, ile error_reporting(0) uliweka ukiwa umeona nini?