Mbao za paini zimejikunja kabla ya kuunga uso wa meza, nifanyeje?

Mwenye uzi: Wakuu, habari. Nina mbao 5 za paini ya Mafinga, inchi 1x8, urefu futi 6, za uso wa meza ya kulia. Nne zimejikunja kwa upana. Nikilaza rula juu yake, katikati kuna mwanya wa milimita 6. Ya tano imejisokota, ukiilaza inagusa pembe tatu tu. Nizipeleke mashine ya randa, au nizilowanishe na kuzikandamiza kwa matofali?

Patasi: Mkuu, usizipeleke randa zilivyo. Roli za mashine huukandamiza ubao ukanyooka ukiwa ndani, ukitoka unarudia mkunjo wake, sasa ukiwa mwembamba zaidi. Maji na matofali ni nafuu ya muda. Ukikauka unajikunja tena.

Chana kila ubao katikati kwa urefu. Upana ukipungua nusu, mkunjo unabaki robo: 6 inakuwa 1.5. Ubao wa milimita 25 ukiuranda mzima unabaki na kama 13, ila ukiuchana kwanza unabaki na 22 hivi. Nyoosha uso mmoja kwa randa ya mkono, kisha ndipo mashine isawazishe wa pili. Halafu randa kingo, paka gundi, bana kwa klampu.

Mbao Kavu: Kabla ya kuchana, hakikisha zimekauka. Upande uliokuwa karibu na gome husinyaa zaidi ya ule wa moyo wa mti, ndiyo maana ubao unajikunja. Ukiunga mbichi, meza nzima itafuata. Zipange kivulini penye hewa, kati yake vijiti vya inchi 1 kila futi moja na nusu, vijiti vyote vikae mstari mmoja juu hadi chini, vikipishana mbao zinapinda upya. Weka uzito juu. Pima kipande kimoja kwa mizani kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Na ile iliyojisokota? Halafu pete za mti, ile mistari ya duara kwenye ncha ya ubao, nizipishanishe, ubao mmoja zitazame juu na unaofuata chini?

Patasi: Iliyojisokota itoe kwenye uso wa meza, nunua nyingine. Ikate vipande vya futi 2, msokoto wa kila kipande utapungua, vitafaa kwa fremu. Usiichane kwenye msumeno wa mezani: ubao unaotikisika hubana meno na kurushwa nyuma kwa nguvu, unaumiza. Kuhusu pete, kwa vipande vya inchi 4 sioni haja. Bora nyuzi zote zielekee upande mmoja ili randa isichimbue.

Mbao Kavu: Niongeze kuhusu kufunga. Uso usigundishwe wala kupigiliwa misumari kwenye fremu, maana upana wake hutanuka na kusinyaa kwa majira, ukizuiwa unapasuka. Tumia skrubu kutoka chini, matundu ya fremu yawe marefu kuelekea upana wa meza. Na vanishi ipakwe juu na chini, idadi ileile ya mikono. Chini kukiachwa wazi, unyevu unaingia upande mmoja tu na mkunjo unarudi.