Mchezaji kakutwa na virusi vya korona: tukiamini kipimo, au kwanza tuulize kijiti cha puani kimeshikwa na nani?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna mechi imenikaa kichwani mpaka leo. Tarehe 24 Januari 2022, Yaoundé, Komoro wanakutana na wenyeji Kameruni kwenye 16 bora ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Komoro wana makipa watatu: mmoja majeruhi, wawili wamekutwa na korona. Golini akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, kavaa jezi ya kipa yenye namba 3 iliyobandikwa kwa utepe, maana hakuna aliyewahi kufikiria kwamba namba 3 ingehitaji jezi ya kipa. Dakika ya 7 wakapigwa kadi nyekundu. Wakiwa pungufu wakafungwa 2-1 tu, na lile bao lao la friikiki la Youssouf M'Changama kipa yeyote duniani angeliokota wavuni.

Kilichonikera si kufungwa. Shirikisho la Komoro lilitangaza kwamba kipa wao Ali Ahamada alipimwa siku ile ile ya mechi na majibu yakawa hasi. Hakucheza. Kanuni ilimtaka akae karantini siku tano, na kanuni nyingine ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ilisema timu yenye wachezaji 11 wazima lazima iingie uwanjani hata kama haina kipa. Yaani kipimo cha kwanza kilikuwa na nguvu ya kumtoa, cha pili hakikuwa na nguvu ya kumrudisha. Kama tunakiamini kipimo, mbona tunakiamini upande mmoja?

Naweka msimamo wangu mapema ili nisirushiwe mawe kwa nilichosema nusu: mashine ya PCR ni nzuri kuliko wengi tunavyodhani. Tatizo ni swali tunaloiuliza. Inafanya hivi: inachukua kipande cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mara mbili kila mzunguko. Mizunguko 20, kipande kimoja kimekuwa kama milioni. Mizunguko 30, bilioni. Virusi vikiwa vingi, mashine inaviona mapema. Sasa mchezaji mmoja anaonekana kwenye mzunguko wa 18, mwingine mpaka wa 37. Tofauti yao ni zaidi ya mara laki tano kwa wingi wa virusi puani. Kwenye karatasi wote wameandikwa neno moja: chanya. Wa kwanza anaweza kuambukiza timu nzima. Wa pili huenda aliugua mwezi uliopita na kilichobaki ni masalia.

Ronaldo alikutwa na virusi tarehe 13 Oktoba 2020 akiwa na timu ya taifa. Zaidi ya wiki mbili majibu yakawa hayohayo, akaikosa mechi ya Juventus na Barcelona ya tarehe 28, huku mwenyewe akisema yuko fiti. Alipotoka hasi, tarehe 1 Novemba akaingia akitokea benchi dhidi ya Spezia na kufunga mawili. Sidhani kama kuna mtu aliyekosea kumpima. Alikuwa na chembe za kirusi, mashine ikaziona. Lakini wanaoendesha mpira walitaka kujua kama anaambukiza, na hilo mashine haikuulizwa.

Karibuni, ila tusitukanane.

Kipa wa Mtaani

Mkuu, umezunguka sana. Mwaka 2020 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na zikarudi chanya. Mimi tangu siku hiyo nilifunga mjadala wa vipimo. Mchezaji akijisikia vizuri, acheze.

Dada wa Maabara

Kaka Kipa, siku zile zile aliyekuwa mkuu wa Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, alikataa kwamba vipimo vile ni vibovu. Lakini hata tukichukua hadithi ya papai kama ilivyo, haikuambii kwamba kemikali ni mbovu. Inakuambia kuna mahali sampuli zinaweza kuchanganyika: kwenye kuandika lebo, kumimina, au vumbi la sampuli kali ya jirani kuangukia kwenye kichupa chako. Ndiyo maana kila awamu tunaweka kichupa cha maji matupu. Maji yakitoka chanya, awamu nzima inatupwa. Swali la kuuliza maabara yoyote ni: maji yenu yalisemaje leo?

Na "akijisikia vizuri acheze" haisaidii, maana kirusi hiki kinaambukiza hata kabla mtu hajaanza kukohoa. Msaada wa kipimo kwa wanamichezo ulikuwa hapo hasa.

Mleta mada, nakuunga mkono nusu. Umesahau kitu cha kwanza kabisa, kijiti cha kuchukulia sampuli puani. Nimeshika vijiti vingi, na wachezaji ndio wagumu kuwapima. Mtu wa futi sita anayerukia mpira wa kona bila kufumba macho, ukimkaribia na kijiti anarudi nyuma kama mtoto wa chanjo. Kijiti kinatakiwa kiende sambamba na sakafu ya pua, si kuelekea juu kwenye paji la uso, mpaka kikutane na kizuizi kule nyuma, kisha ukizungushe taratibu na ukiache sekunde kadhaa kinyonye. Machozi lazima yatoke. Nimefanya kazi na mwenzangu mmoja, simtaji, aliyekuwa anagusa mlango wa pua tu na kusema "tayari, kaka", kwa sababu alikuwa shabiki na hakutaka kumuumiza staa. Majibu ya siku ile yote yalikuwa hasi. Yangekuwaje chanya?

Halafu siku. Uchambuzi wa watafiti wa Johns Hopkins wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba siku ya nne tangu mtu aambukizwe, PCR iliwakosa kama 67 kati ya kila 100 wenye virusi. Hata siku ya nane, ambayo ndiyo ilikuwa bora, iliwakosa 20. Kwa hiyo mchezaji aliyeambukizwa Jumatano akipimwa Ijumaa kwa mechi ya Jumapili, hasi yake haina maana kubwa. Anaingia uwanjani na karatasi safi.

Upande wa pili, hesabu ndogo. Chukua wachezaji 1,000 wasio na dalili, tuseme 5 ndio wenye virusi. Kipimo kinanasa 4 kati ya hao 5, na kinawasingizia wazima 5 katika kila 1,000. Utapata chanya 9: wanne wa kweli, watano wa kusingiziwa. Chukua kipimo hicho hicho ukipeleke kwenye kundi la 1,000 ambalo 200 wanaumwa: utapata wa kweli 160 na wa kusingiziwa 4. Mashine haijabadilika hata skrubu moja. Waliobadilika ni waliosimama kwenye foleni.

Ndiyo maana nilikuwa naziangalia namba za Ulaya kwa jicho la pembeni. Bundesliga kabla ya kurudi Mei 2020: vipimo 1,724, chanya 10. Ligi Kuu ya Uingereza, awamu ya kwanza mwezi huo huo: watu 748, chanya 6. Sisemi zilikuwa za uongo. Nasema kwa viwango vile vya chini, chanya moja inayosimama peke yake inastahili kurudiwa kabla haijawa kichwa cha habari.

Shabiki Mkorofi

Dada umetufundisha, asante. Ila mnazungumza kama vile wote wanaopima wana nia njema! Nani anampima mgeni? Mwenyeji.

Sierra Leone na Benin, kufuzu AFCON. Machi 2021 Freetown, muda mfupi kabla ya mechi, wenyeji wanasema wachezaji kadhaa wa Benin wana korona. Benin wanagoma kushuka kwenye basi. Mechi ikasogezwa mpaka Juni, ikapelekwa Conakry, Guinea. Huko tena, vurugu ya vipimo, mechi ikasogea siku moja. Tarehe 15 Juni Kei Kamara akafunga penalti, 1-0, Sierra Leone wakafuzu na Benin wakabaki nyumbani. Inawezekana kila jibu lilikuwa sahihi. Lakini nani ataamini?

Na Namungo yetu ya Tanzania je? Februari 2021 wanatua Luanda kucheza na Primeiro de Agosto ya Angola, Kombe la Shirikisho. Wachezaji watatu na kiongozi mmoja wanaambiwa wana virusi, mechi inafutwa. CAF ikaamua zote mbili zipigwe Dar es Salaam, Namungo wakapita kwa jumla ya 7-5. Sasa niambieni, bila ule uamuzi si wangetolewa na kijiti?

Hata Ulaya wapo. Januari 2022 mkondo wa kwanza wa nusu fainali ya Kombe la Ligi Uingereza kati ya Liverpool na Arsenal iliahirishwa kwa sababu ya wimbi la korona kambini Liverpool. Baadaye Klopp mwenyewe, kocha wao wakati huo, akasema chanya nyingi hazikuwa za kweli, aliyekuwa nayo ni beki Trent Alexander-Arnold. Mechi ikachezwa wiki moja mbele. Arsenal wakasema nini? Wakae kimya tu?

Mleta mada

Mkorofi, la Namungo nakurudisha kwa Dada: mtu anaweza kupimwa hasi kabla ya safari na chanya akitua bila mtu yeyote kudanganya. Siku nne tu zinatosha. Hiyo ndiyo sumu yenyewe, maana hila na biolojia zinatoa karatasi inayofanana, na ukiwa mgeni huna namna ya kuzitenganisha.

La Benin sina jibu zuri. Mwenyeji hakupaswa kushika majibu ya mgeni, basi. Ukimwachia mpinzani afungue bahasha, umeshaharibu kipimo hata kama kemikali ni safi.

Ila msiseme tu "maabara huru" mkadhani mmemaliza. Lazio ya Italia, mwishoni mwa 2020. Maabara ya UEFA, shirikisho la soka Ulaya, inasema mshambuliaji wao Ciro Immobile ana virusi, anaikosa Club Brugge tarehe 28 Oktoba. Maabara iliyotumiwa na klabu inasema hana, tarehe 1 Novemba anacheza na Torino na kufunga, Lazio wanashinda 4-3. Siku chache baadaye UEFA wanapima tena, anaikosa Zenit. Mtu mmoja, pua moja, ndani ya wiki mbili ana virusi kwa mashindano na hana kwa ligi. Waendesha mashtaka wa soka la Italia wakafungua uchunguzi.

Dada wa Maabara

Hapo ndipo namba ya mzunguko ingesaidia. Maabara moja ikiacha kuhesabu chanya baada ya mzunguko wa 35 na nyingine baada ya 40, sampuli ya 37 ni hasi huku na chanya kule. Hakuna aliyedanganya. Wamepima kwa rula mbili.

Mimi ningefanya hivi: chanya yoyote ya mtu asiye na dalili, kijiti kipya saa ile ile, mkono mwingine, mashine nyingine. PCR yenyewe ni saa chache. Kipimo cha antijeni, kile cha haraka kinachotafuta protini za kirusi, ni dakika 15, na ingawa kinawakosa wengi, kinawanasa vizuri wale wenye virusi vingi, ambao ndio tunaowaogopa.

Kipa wa Mtaani

Sawa dada, papai naliweka chini kwa leo. Lakini zile saa chache unazosema ndizo anazozitaka mwenyeji. Basi limesimama nje ya uwanja, refa anaangalia saa.

Na wakisubiri sana ndiyo yanatokea ya klabu ya Rostov. Juni 2020, wachezaji sita chanya, kikosi kizima karantini, ligi ya Urusi ikawaambia wachezeni. Wakapeleka vijana. Wakatangulia kufunga dakika ya kwanza, wakaishia kupigwa 10-1 na Sochi. Kipa wao wa miaka 17, Denis Popov, aliokoa mipira 15, pamoja na penalti. Kati ya wakubwa waliofungiwa karantini, wangapi walikuwa wazima?

Dada wa Maabara

Hao hawakufungiwa na kipimo, kaka. Walifungiwa kwa kukaa karibu na waliokutwa chanya. Hiyo ni kanuni ya daktari wa serikali, mashine haikuhusika. Dynamo Dresden ya daraja la pili Ujerumani nao, Mei 2020: wawili chanya, timu nzima siku 14 ndani, wenzao wanaanza ligi. Kama unataka kugombana na kitu, gombana na hiyo 14.

Shabiki Mkorofi

Nagombana nayo. Na ile tano ya Ahamada pia.