Mume Mganda, mimi nina kadi ya ukimbizi: mtoto wetu ni raia wa wapi, na mimi je?

MamaVitenge
Wapendwa, salamu. Mimi ni Mkongomani, mtu wa Bukavu, naishi Kampala upande wa Katwe kwa kadi ya ukimbizi, nauza vitenge. Mume wangu ni Mganda wa kuzaliwa, kwao Masaka. Mahari alileta kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa wazazi wangu mwaka juzi, watu wakala wakanywa, picha zipo, karatasi hatuna. Sasa tuna mtoto, bado ananyonya. Mama mkwe anasema mjukuu wake ni Mganda, hakuna mjadala. Karani mmoja akasema mtoto hufuata mama, akamwandika kwenye karatasi ya familia ya wakimbizi. Nani anasema kweli? Na mimi, kwa kuolewa, nimeshakuwa raia?

Halafu kuna broka hapa mtaani anataka milioni moja na nusu. Anasema wiki mbili tu nitakuwa na kitambulisho cha taifa, ataniandika mzaliwa wa Kisoro, hapa hapa Uganda. Mume anasema tulipe yaishe. Mimi roho inakataa.

NyaboNansana
Mama mkwe mpelekee soda, kashinda kesi bila wakili. Na huyo broka mkimbie.

WakiliWaKona
Dada, nimefanya kazi ya msaada wa sheria kwa wakimbizi, na suala la mtoto huja kila mara. Katiba ya 1995, Ibara ya 10, inasema aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda ni raia wa kuzaliwa ikiwa wakati huo mzazi wake mmoja, au hata babu au bibi mmoja, alikuwa raia wa kuzaliwa. Haikusema lazima awe mama. Haikuuliza kama mna cheti cha ndoa. Kikwazo cha ukimbizi kimo Ibara ya 12, kwenye usajili wa watu waliozaliwa hapa bila ukoo wa kiraia. Mwanao hahusiki nacho.

Ila haki bila karatasi haikufikishi mbali. Angalia ile karatasi ya kuzaliwa uliyopewa hospitali: jina la baba liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Nimeona "Ssemakula" na "Semakula" zikizungusha familia muda mrefu. Kisha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, wawape cheti cha kuzaliwa, na mtoto aandikishwe apate namba yake ya taifa. Kwenye karatasi ya wakimbizi, nendeni wote wawili Ofisi ya Waziri Mkuu, inayoshughulikia wakimbizi, mwombe kwa maandishi jina litolewe, mbaki na nakala yenye muhuri. Fanyeni sasa akiwa mdogo. Msisubiri siku ya kumtafutia pasipoti.

Wewe mwenyewe bado. Ndoa haikugeuzi raia siku ya sherehe. Inakupa njia ya kuomba uraia kwa usajili, baada ya miaka 5 ya ndoa halali ambayo bado ipo, na maombi huamuliwa na Bodi ya Taifa ya Uraia na Uhamiaji. Neno la kushika hapo ni "halali". Picha za mbuzi na magomesi, yale magauni ya sherehe, hazitoshi.

MzeeKikuubo
Binti yangu, hiyo milioni na nusu nunua mzigo. Vidole vyako si viko tayari kwa wakimbizi? Kesho mashine inaonyesha mtu mmoja ni Mkongomani wa Bukavu na Mfumbira wa Kisoro. Utawaeleza nini?

WakiliWaKona
Mzee kasema. Na hata uraia wa kusajiliwa, Ibara ya 14 inaruhusu unyang'anywe ukigundulika ulipatikana kwa udanganyifu au rushwa. Ukidanganya leo, ombi lako la kweli la baadaye utakuwa umelichafua mwenyewe. Mume wako naye atakuwa mshiriki, mwambie hivyo hivyo.

Dereva_Busia
Kwani shida iko wapi? Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Achukue pasipoti ya Kongo ubalozini, aombe pasi ya mtegemezi kwa jina la mume. Mke wangu Mkenya anakaa hivyo.

WakiliWaKona
Kwa mke wako sawa, yeye si mkimbizi. Huyu dada akienda kuchukua pasipoti kwa serikali aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa amerudi chini ya ulinzi wake, na Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inataja hilo kama sababu ya hadhi kukoma. Tena kadi yake inampa haki ya kufanya kazi. Pasi ya mtegemezi si kibali cha kazi. Akihitaji kusafiri aombe hati ya kusafiria ya mkimbizi kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Achague mlango mmoja, tena baada ya kukaa na mwanasheria. Refugee Law Project ya Makerere wanasaidia wakimbizi kisheria.

MushiWaKla
Dada wa kwetu, kuna jambo hawa Waganda hawaligusi kwa sababu kwao uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Kwetu hapana. Katiba ya Kongo ya 2006, Ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Siku ukiapa hapa, kule umeuacha. Baba ana kiwanja Bukavu? Umiliki wa ardhi usio na kikomo ni wa Wakongomani peke yao. Zungumza na kaka zako kabla, usije ukawa mgeni kwenye urithi wako.

MamaVitenge
Asanteni sana. Kiwanja kipo, Kadutu, nilikuwa sijakiwaza kabisa. Broka nimeshamwambia hapana, amenuna. Swali la mwisho: ndoa tuiandikishe hapa Kampala?

NyaboNansana
Ndoa ya kimila inaandikishwa sherehe ilipofanyika, kwa hiyo ni Isingiro, wilaya iliyo na Nakivale, kwa chifu wa gombolola (kata). Mwende na mashahidi wawili waliokuwepo siku ya mahari. Sheria inataka ndani ya miezi 6; nyinyi mmepitisha, mtalipia kuchelewa, na mdai risiti. Hakikisha cheti kinaandika tarehe ya mahari, si ya siku mnayoandikisha. Na mume abebe kitambulisho chenyewe, asilete fotokopi.