Nimetaja matokeo ya kura, nikajibiwa "Tunashukuru kwa hisia zako"

Wakuu, naandika uzi huu mkono ukiwa bado unatetemeka, kwa hiyo mtanivumilia nikilirudia jambo moja. Mnamfahamu. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu hakuna mjadala wa mipango ya ardhi unaofanyika bila yeye kukaa meza ya mbele, na hakuna kipaza sauti kilichowahi kutoka mkononi mwake kikiwa bado na betri.

Mada ilikuwa iwapo wananchi wa nchi za kidemokrasia wanaiunga mkono mipango ya matumizi ya ardhi. Yeye akatamka, kwa sauti ile mnayoijua, kwamba hawaiungi mkono, hawajawahi kuiunga mkono, na kwamba ukimpa mwananchi karatasi ya kura na ramani, ataichana ramani kabla hajaisoma karatasi. Ukumbi ukacheka. Nikasimama na kueleza kwa adabu zote kwamba tarehe 3 Machi 2013 Waswisi waliulizwa jambo hilo hilo, na asilimia 62.9 ya waliopiga kura wakaikubali sheria iliyorekebishwa ya upangaji wa ardhi: sheria inayozitaka kantoni, yaani majimbo ya Uswisi, zipunguze maeneo ya ujenzi yanayozidi mahitaji ya miaka 15 ijayo, na inayomtaka mwenye shamba lililogeuzwa kuwa eneo la ujenzi atoe angalau asilimia 20 ya thamani iliyoongezeka. Nikaongeza kwamba ni kantoni moja tu, Valais, iliyokataa. Nikanyamaza nikisubiri hoja.

Akasema: "Tunashukuru kwa hisia zako."

Hisia! Asilimia 62.9 ni hisia. Ile sitini na mbili nimeitoa moyoni, na ile nukta tisa nadhani ilinitoka kama chozi. Nilikuwa hata sijafika kwenye mfano wa Oregon, jimbo la Marekani, ambako sheria ya mwaka 1973 iliutaka kila mji uchore mpaka wa ukuaji wake ili mashamba na misitu isimezwe na majengo. Wapinzani waliipeleka kwa wapiga kura mwaka 1976, wakairudisha 1978, wakairudisha tena 1982, na mara zote wapiga kura waliibakiza. Hao ndio wachana ramani? Angeniambia kwamba Uswisi si dunia nzima, ningemjibu. Angeniambia kwamba muda umekwisha, ningekaa. Lakini kunishukuru, tena kwa niaba ya ukumbi mzima ambao haukumtuma, kisha kumpa kipaza sauti mtu aliyeuliza chai itatolewa saa ngapi, hilo silisamehe.

Nawaomba wadau mniambie: kuna jibu gani la kumpa mtu anayeziita takwimu hisia?

Jiwe la Mpaka:
Pole sana, mkuu. Hata hivyo, naona hisia zako zimeanzia mwaka 2013. Waswisi hao hao walipopelekewa sheria ya kwanza ya shirikisho kuhusu upangaji wa ardhi mwaka 1976, waliikataa kwa tofauti ndogo, na Bunge likalazimika kuandika nyingine iliyolegezwa, iliyoanza kutumika mwaka 1980. Februari 2019 walipoombwa wazuie kabisa kuongezwa kwa maeneo ya ujenzi, asilimia 63.7 walikataa. Mchana ramani na mpenda ramani wanaishi katika mwili mmoja, na inategemea ramani imechorwa kwa ukali kiasi gani. Ungelisema hilo, labda angekushukuru kwa kitu kingine.

Mwanzisha uzi:
Mkuu Jiwe, unachosema kinathibitisha kwamba watu wanapima kabla ya kuamua, na mtu anayepima hachani. Hata hivyo uzi huu hauhusu mwaka 1976. Unahusu mtu aliyesikia takwimu akasema "hisia".

Mpimaji Mstaafu:
Ninamfahamu vizuri sana huyo bwana. Mimi aliniambia "swali zuri mno," kisha akajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, na jibu lenyewe lilichukua muda ambao mji mdogo ungeweza kupangwa, kupimwa na kujengwa. Wewe umeshukuriwa, mwenzetu. Una bahati.

Hati Mkononi:
Naomba radhi kwa kuingilia msiba, lakini mbona mleta uzi amesimama mwaka 1982? Oregon hiyo hiyo, mwaka 2004, takriban asilimia 61 ya wapiga kura walipitisha hoja namba 37, iliyosema kwamba serikali ikishusha thamani ya ardhi yako kwa kanuni iliyotungwa baada ya wewe kuinunua, ikulipe fidia au ikuondolee kanuni hiyo. Madai yakamiminika kwa maelfu. Huko ndiko malalamiko ya kweli yaliko, wala si kwenye shukrani za ukumbini. Wengi wanapiga kura ili mandhari ibaki ya kijani, na gharama ya kijani hicho anabebeshwa yule mmoja ambaye shamba lake limeangukia nje ya mstari, huku jirani yake wa ndani ya mstari akitajirika bila kupanda hata mchicha. Mimi siipingi mipango. Ninapinga kugeuzwa mfadhili wa mandhari ya watu ambao hawajui hata jina langu.

Mwanzisha uzi:
Na mwaka 2007 wapiga kura wale wale, kwa takriban asilimia 62, walipitisha hoja namba 49 iliyopunguza sehemu kubwa ya hiyo namba 37, baada ya kuona ni miradi ya ukubwa gani iliyokuwa inaombewa ruhusa kupitia mlango huo. Mbona hilo umeliruka? Hizi nazo ni hisia?

Hati Mkononi:
Mkuu, tunashukuru kwa hisia zako.

Mpimaji Mstaafu:
Nimecheka mpaka miwani imeanguka.

Bikari:
Mnazozana kuhusu mashamba wakati mimi nina donda la Berlin. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulifungwa mwaka 2008, ukabaki uwanda wa takriban hekta 300 katikati ya mji wenye uhaba wa nyumba. Serikali ya mji ilipopendekeza kujenga nyumba pembezoni tu na kuiacha sehemu ya kati wazi, wapiga kura mwezi Mei 2014 wakasema pasijengwe hata pembezoni, kwa asilimia 64.3. Halafu mwaka 2021 wapiga kura wa mji huo huo, kwa wingi ulio wazi, wakaunga mkono kampuni kubwa za nyumba zitaifishwe kwa sababu kodi haishikiki. Mwenye kuweza kunieleza namna ya kupanga mji wa watu hawa ajitokeze, nami nitamshukuru kwa hisia zake bila kejeli.

Mpangaji wa Chumba cha Nyuma:
Ndugu Bikari, hapo hakuna fumbo. Hawakuwa na imani na waliokuwa wanapendekeza, kwa sababu mtu akishaona ahadi ya nyumba nafuu ikigeuka nyumba za kifahari, hata mpango mzuri ataupigia kura ya hapana. Malalamiko yangu mimi ni tofauti kabisa: hapa mnazungumzia kura, ilhali mambo mengi ya ardhi hayafiki kwenye kura. Yanaamuliwa katika vikao vya jioni ambavyo mtu wa zamu hawezi kuhudhuria. Watafiti wa Boston University walisoma kumbukumbu za vikao vya namna hiyo katika miji ya jimbo la Massachusetts, Marekani, wakakuta kwamba wanaozungumza kwa sehemu kubwa ni wenye nyumba, wenye umri mkubwa kuliko wapiga kura wengine, na kwamba wengi mno kati yao husimama kupinga ujenzi. Kisha mwenyekiti anaandika kuwa "wananchi wamekataa." Wananchi gani? Mimi nilikuwa kazini.

Mpimaji Mstaafu:
Mwenye umri mkubwa na nyumba yake mwenyewe nimesikia nikitajwa. Sisi huwa tunahudhuria kwa sababu tunaalikwa, kijana.

Mpangaji wa Chumba cha Nyuma:
Mzee wangu, shikamoo. Mwaliko ubandikeni pia mahali ambapo wapangaji wanapita.

Kamba Fupi:
Tatizo lenu nyote ni kudhani kwamba mji lazima upangwe. Houston, mji wa Texas huko Marekani, iliwaletea wapiga kura suala la kugawa mji katika kanda za matumizi mwaka 1948, mwaka 1962 na mwaka 1993, na mara zote walikataa. Mji upo na watu wanahamia. Huyo bwana wa meza ya mbele angalau kwa Houston alikuwa sahihi.

Mwanzisha uzi:
Kwa hiyo unamtetea? Mtu aliyesema "hisia"?

Jiwe la Mpaka:
Kamba Fupi, usitulishe nusu ya habari. Houston haina kanda, lakini ina masharti ya hati, yaani yaliyoandikwa kwenye hati za viwanja, yanayowabana wenye viwanja mtaa kwa mtaa, na mji wenyewe unaweza kwenda mahakamani kuyatekeleza kwa niaba ya wakazi. Kuna kanuni za ukubwa wa viwanja na za maegesho pia. Hiyo ni mipango iliyovaa kofia ya mtu binafsi.

Kamba Fupi:
Masharti ya hati ni makubaliano. Nimeyasoma kabla ya kununua, nikaweka sahihi.

Hati Mkononi:
Hapo nakuunga mkono kabisa, isipokuwa kwa maegesho. Mbona hakuna anayezungumzia maegesho? Kulazimishwa kutenga eneo la magari mengi kuliko wateja ni dhuluma kuliko yote yaliyotajwa humu.

Bikari:
Fungua uzi wa maegesho, mkuu, tutakuja wote. Mimi nina donda lingine huko.

Mwanzisha uzi:
Wakuu, jibu la kumpa yule bwana bado sijalipata.

Kamba Fupi:
Jiwe, hujanijibu kuhusu sahihi.