Protini ya pinki bechi tatu mfululizo, lawama zote kwangu niliyeosha kolamu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Maabara yetu inatengeneza protini kwa bakteria wa E. coli, antijeni ya kupimia ndigana kali kwa ng'ombe. Bechi tatu zimetoka za pinki, na protini yenyewe haina rangi! Mkuu wa kitengo kaniita mbele ya wenzangu: "Wewe huoshi kolamu." Kolamu ni mrija wenye nikeli inayonasa protini yetu ili uchafu upite. Nikaivua nikeli yote kwa EDTA, kemikali inayong'oa metali, nikaiosha kwa sodiamu haidroksaidi, nikaijaza nikeli upya. Bechi ya tatu, pinki ileile. Imemwagwa, na mimi nimepewa barua ya onyo.

Kolamu haihusiki kabisa. Nikeli ikivuja huleta rangi ya kijani au buluu. Na nina ushahidi: nilichota maji ya juu baada ya sentrifyuji, kabla hayajagusa kolamu, nikayamulika gizani kwa taa ya UV. Yakawaka wekundu. Kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa, kilele kikasimama karibu na nm 400. Hiyo ni porfirini, wakuu, rangi ambayo hemu hujengwa kutokana nayo, tena bakteria wenyewe ndio wameitoa.

Bakteria anapotengeneza hemu, ile molekuli yenye chuma, hatua moja karibu na mwisho hutumia kimeng'enya kinachotaka oksijeni. Hewa ikipungua, koproporfirini, aina mojawapo ya porfirini, inarundikana, inavuja nje, inanasa zinki iliyomo kwenye midia (chakula cha bakteria) na kuganda kwenye protini.

Sasa hewa imepungua kwa nini? Kwa sababu tumeambiwa tubane matumizi! Flaski ya lita 2 tulikuwa tunaitia ml 400 za midia, protini inatoka safi kama maji. Siku hizi inatiwa lita 1.5. Zikaanza kumwagika, basi sheka (mashine ya kutikisa flaski) ikashushwa kutoka mizunguko 220 kwa dakika hadi 150. Ukishatia IPTG hapo, kemikali ya kuwaamuru bakteria watengeneze protini, wakati bakteria wameshajazana na kila mmoja anagombea hewa, unategemea nini?

Nimeyaeleza haya kwa mdomo na kwa maandishi. Jibu: "Usitufundishe kazi."

Aliyewahi kuiondoa porfirini kwa kolamu ya anayoni (inayonasa vitu vyenye chaji hasi) au mkaa hai bila kupoteza nusu ya protini, naomba anielekeze. Bechi ya nne inaanza Jumatatu, na flaski zimeshajazwa lita 1.5.