Mashua ndogo ya familia katika mto Ohio, Louisville: nianzie wapi?

Mwana wa Kalemie ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 14 na kitinda mimba ana 7, na huu ni mwaka wetu wa sita hapa Louisville, Kentucky. Nilikulia Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na mashua kwangu si kitu kigeni, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala na nilianza kumsaidia kuvuta nyavu kabla sijamaliza shule ya msingi. Juzi nimeonyeshwa mashua ya alumini ya futi 16, yenye mashine ya nguvu za farasi 25 pamoja na trela lake, kwa bei ninayoimudu. Nia yangu ni kutoka na familia siku za Jumamosi, tuvue samaki kidogo, tule chakula chetu kisiwani, turudi kabla ya jua kuzama.

Mama watoto haafiki. Anasema kila anapotembea juu ya daraja la Big Four huona magogo mazima yakipita kwa kasi na matishari, yale majahazi bapa ya mizigo yanayosukumwa na meli, marefu kama mtaa, na kwamba mtu aliyezoea ziwa asijidanganye kuwa ameuzoea mto. Je, ana haki? Tushushe mashua upande gani wa mji, na kijana wangu mkubwa anaruhusiwa kushika usukani?

Fundi wa Mashine amejibu:

Kaka, shikamoo kwa mama watoto, maana ameona jambo ambalo mimi nililijua baada ya kuponea chupuchupu. Ziwani mashine ikizima unakaa, unaitengeneza, na adui wako ni upepo tu. Hapa ikizima safari haisimami, na safari hiyo ina mwisho unaojulikana: bwawa la McAlpine.

Mji huu upo mahali ulipo kwa sababu ya maporomoko. Mto Ohio una urefu wa maili 981, na hapa ndipo palipokuwa na kikwazo kikubwa cha asili kwa vyombo, ambapo maji yalishuka futi 26 hivi ndani ya umbali wa maili mbili juu ya miamba. Wasafiri walilazimika kushusha mizigo na kuipitisha nchi kavu, makazi yakaota mwaka 1778, na mwaka 1830 ukafunguliwa mfereji wa kukwepa miamba hiyo upande wa Kentucky. Meli bado hupita katika mfereji huo hadi leo, lakini maji yasiyoingia mfereji huelekea kwenye milango ya bwawa, na chombo kisicho na mashine hufuata maji.

Mwaka wangu wa kwanza niliweka petroli iliyolala kwenye tangi majira yote ya baridi. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, tukiwa kati ya daraja la Big Four na daraja la Kennedy. Niliinama kufungua kifuniko, nikahangaika na bomba la mafuta kwa muda ambao mimi niliuona mfupi, na nilipoinua kichwa kivuli cha daraja la Clark kilikuwa kinanipita usoni. Nanga ilikuwapo, lakini kamba yake ilikuwa ya futi 30, fupi mno, kwa hiyo nanga iliburuta tu bila kushika. Mzee mmoja mwenye mashua ya uvuvi ndiye aliyetuvuta hadi ukingoni, wala hakutaka hata senti.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Shusha mashua juu ya mto, mbali na katikati ya mji, kwa mfano pale Cox Park kwenye barabara ya River Road, au upande wa Harrods Creek. Ukitoka hapo elekea juu kwanza, usiteremke, ili mashine ikikugomea mkondo ukurudishe ulikotoka. Kisiwa cha Six Mile kiko karibu sana, hakuna daraja la kukifikia, na kwa watoto kinatosha kabisa kuwa safari ya mchana mzima. Nunua kamba ya nanga isiyopungua futi 100, na uifunge omo, yaani mbele ya mashua, daima. Ukiifunga tezi, yaani nyuma, penye mkondo mkali, maji yatapanda nyuma na kuijaza mashua kabla hujapata kisu cha kuikatia.

Mama Furaha amejibu:

Baba, mimi niko upande wa mkeo, ila sisemi uiache mashua. Majira ya kwanza nendeni Ziwa la Taylorsville, halifiki saa moja kwa gari. Ni maji yaliyozuiwa na bwawa la mto Salt, hayana matishari, na huko kijana atajifunza kugeuza, kuegesha na kurudisha chombo kwenye trela bila watu kumpigia kelele. Kuhusu umri, sheria ya Kentucky kwa wenye miaka 12 hadi 17 ni kwamba mashine ikizidi nguvu za farasi 10 wawe na cheti cha mafunzo ya usalama, la sivyo awepo ndani mtu mzima anayeweza kushika usukani papo hapo. Huyo wa miaka 7 lazima avae jaketi okozi muda wote chombo kinapotembea, kwa kuwa walio chini ya miaka 12 hawana hiari. Sisi kwetu tunavaa wote, hata mimi niliyezaliwa Uvira na kuogelea tangu utotoni, kwa sababu maji ya hapa mwezi wa Aprili si ya Tanganyika. Yanakukata pumzi ukiyagusa tu, na mikono inakataa kazi kabla akili haijachoka.

Baharia wa Matishari amejibu:

Nafanya kazi kwenye meli zinazosukuma matishari katika mto huu, na ningependa mwulizaji aone upande wetu. Msafara wa kawaida una matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, kila moja likiwa na futi 195 na likibeba tani 1,500 hivi. Nahodha yuko nyuma kabisa, karibu futi elfu moja kutoka omo ya tishari la mbele, na mashua yako ikikaa mbele ya mzigo haionekani, kama vile haipo. Akikuona pia hana la kufanya, maana hata akirudisha mashine nyuma msafara wa namna hiyo huhitaji maili nzima au zaidi kusimama. Ukisikia milio mitano mifupi ya honi, usitafute inamhusu nani, ondoka tu.

Baada ya msafara kupita usikimbilie kukata nyuma yake, kama wanavyofanya vijana wenye pikipiki za majini, kwa sababu maji yanayotupwa na mapangaboi ya meli zetu huendelea kuchafuka kwa umbali mrefu na yanaweza kuipindua futi 16 yako. Simu ya upepo ya mkononi si ghali, nasi na wasimamizi wa McAlpine tunasikiliza chaneli 13.

Naye asiyeamini nguvu ya pale akumbuke mwisho wa Machi 2023, tishari 10 zilipokatika kutoka kwenye msafara wake hapa mjini na mojawapo, iliyobeba methanoli, ikabanwa kwenye bwawa. Hizo ni chuma za tani nyingi, na mkondo ulizichukua.

Kwa Mama Furaha nina neno moja, kwa heshima: ziwa ni zuri, lakini halitamfundisha mtu kupima mkondo. Mto atajifunzia mtoni, Julai au Agosti maji yanapotulia, na si wiki inayofuata mvua kubwa, ambapo pamoja na magogo huwa kuna majitaka yaliyofurika kutoka mifereji ya mji.

Mwana wa Kalemie ameongeza:

Nawashukuru sana, na nimemsomea mama watoto kila neno. Nilipofika kwenye kivuli cha daraja alinitazama tu, hakusema kitu. Nimekumbuka tulivyokatazwa kuogelea pale Lukuga inapotoka ziwani, kwa sababu maji yaliyoonekana kulala yalikuwa yanakwenda. Tumekubaliana Taylorsville Juni, halafu Cox Park Agosti, kuelekea juu tu. Muuzaji nimemwambia nitalipa akiiwasha mashine mbele yangu ikiwa ndani ya maji, iungurume nusu saa bila kukohoa.

Fundi wa Mashine amejibu:

Hakika. Na ukishusha, angalia kizibo cha tundu la kutolea maji, kule nyuma ya mashua, kabla trela haijagusa maji. Mimi nilikisahau mfukoni.